Bruce Lee: Umemwona Mara Mia, Lakini Sauti Yake Hujawahi Kuisikia

Buda, hebu nikuulize kitu. Sauti ya Bruce Lee iko aje?

Usinipigie yale mayowe yake ya paka aliyekanyagwa mkia. Hayo kila mtoi anajua. Naongelea sauti yake ya kawaida, ile ya kuitisha chai na kusalimia mathe. Kama ulikulia Moi's Bridge ama Matunda, ama ulikuwa unaruka fensi ya shule Kitale ama Bungoma uende kucheki muvi, niko tayari kuweka kobole mezani kwamba hujui.

Ulilipa ashuu yako, ukabanana na wasee kwa benchi ndani ya kibanda cha mabati, jenereta ikinguruma nje. Sauti iliyotoka kwa spika ilikuwa ya DJ Afro, akikupanga kwa Kiswahili na Sheng nani amekosea nani na nani anaenda kuchapwa. Chini ya DJ Afro kulikuwa na Kizungu fulani kikavu, midomo ikienda huku na maneno kule. Hicho Kizungu hakikuwa cha Bruce Lee. Na kabla hicho Kizungu kiwekwe, muvi ilikuwa kwa Kichina. Hicho Kichina nacho pia hakikuwa chake.

Usishangae sana. Hata mji wenyewe uliwekewa jina juu ya jina. Zamani uliitwa Hoey's Bridge, jina la setla aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia, halafu baada ya uhuru ukawa Moi's Bridge. Daraja ni lile lile, mahindi ni yale yale.

Lakini kwa mtu ni tofauti. Huyu msee alikufa akiwa na miaka 32, na ukifuata maisha yake vizuri utaona vita yake ndefu zaidi haikuwa ya ngumi. Ilikuwa ya kuachwa aongee mwenyewe. Na nyinyi wa Dragon Ball na Naruto msikimbie, nawafikia.

Jina alilopewa na wazazi ni Lee Jun-fan. Alizaliwa 27 Novemba 1940 huko San Francisco, Marekani, kwa sababu buda yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwimbaji wa opera ya Kikanton na alikuwa huko kwa ziara ya kikazi. Kwa kalenda ya Kichina ulikuwa mwaka wa joka. Jina la Bruce alibandikwa hapo hospitalini. Akiwa bado mchanga kabisa tayari alikuwa kwa skrini, amebebwa tu mikononi kwa muvi moja inaitwa Golden Gate Girl. Mwaka 1941 familia ikarudi Hong Kong, na kabla mwaka uishe jeshi la Japani likaingia na kuukalia mji hadi 1945. Weka hiyo Japani kando, itarudi.

Wengi hudhani Bruce Lee alianza kama mpiganaji halafu akaingia kwa muvi. Ni kinyume. Alianza kama staa mtoto. Mwaka 1950 alipewa nafasi yake ya kwanza kubwa kwa The Kid, muvi iliyotokana na kitabu cha katuni. Kwa hivyo ukiona leo vijana wanamchora kwa katuni, jua yeye mwenyewe alitokea kwa katuni. Alipofika miaka 18 alikuwa ameigiza kwa muvi karibu 20, zote za Kikanton, lugha ya kwao nyumbani. Jina lake la usanii lilikuwa Siu Lung, maana yake joka dogo.

Mtaani alikuwa ngori. Vijana wa Hong Kong ya miaka ya 1950 walikuwa na mbogi zao, na walipendelea kuchapana juu ya paa za maghorofa, mbali na macho ya polisi. Bruce hakukosa. Akaenda kujifunza Wing Chun kwa mwalimu Ip Man, yule ambaye siku hizi ana muvi zake mwenyewe. Mwaka 1958 alishinda ndondi za shule, na mwaka huo huo akashinda mashindano ya kudansi cha-cha. Ndio, cha-cha. Ukimtazama tena vile miguu yake inacheza kabla arushe teke, utaona dansi iko pale ndani.

Wazazi walichoka na kesi. Mwaka 1959 wakampandisha meli arudi kule alikozaliwa, mfukoni akiwa na dola 100. Akaishia Seattle, akikaa na kufanya kazi kwa mkahawa wa mama mmoja mkali anaitwa Ruby Chow, asubuhi anasoma. Baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Washington, na huko akapenda falsafa kuliko kitu kingine. Upande akawa anafundisha kungfu. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Jesse Glover, Mmarekani mweusi ambaye alitaka kujua kujilinda kwa sababu aliwahi kupigwa na polisi. Wakati huo walimu wengi wa Kichina hawakufundisha mtu wa nje. Bruce alifundisha yeyote aliyekuja na nia. Agosti 1964 akaoa Linda Emery, mmoja wa wanafunzi wake, akaacha chuo bila kumaliza.

Mwezi huo huo alifanya maonyesho Long Beach, California, mbele ya wasee wa karate kutoka kila mahali. Habari zake zikafikia mtayarishaji wa vipindi vya runinga, na mwaka 1966 akapata kazi ya kuigiza Kato kwa The Green Hornet. Kato ni dereva. Amevaa barakoa, anafungua mlango wa gari, anachapa wakora, ananyamaza. Maneno mengi ni ya bosi wake mzungu. Vipindi vilikuwa 26 tu, halafu kikakatwa. Lakini Hong Kong kipindi hicho kilikuja kuitwa The Kato Show. Yaani huku alikuwa dereva, kule kwao ndiye alikuwa mwenye gari.

Halafu njaa. Alibaki Los Angeles akifundisha mastaa kama Steve McQueen na James Coburn kwa malipo mazuri, lakini nafasi kubwa za kuigiza hazikuja. Mwaka 1970 akaumia mgongo akiinua vyuma, na madaktari wakamwambia asahau mateke. Alikaa miezi akiandika madaftari kuhusu mtindo wake, Jeet Kune Do, ambayo baada ya kifo chake yalikuja kutolewa kama kitabu.

Hapa ndipo stori inauma. Runinga ya Marekani ilikuwa inatengeneza kipindi kuhusu mpiganaji wa Kichina anayezunguka nchi ya kauboi. Kiliitwa Kung Fu. Kama kuna nafasi iliyokuwa imeandikiwa mtu, ni hiyo. Bruce akaifuata. Mabosi wakasita. Waliona Wamarekani hawako tayari kuona sura ya Kichina ikibeba kipindi kizima kila wiki, na pia walilalamikia Kiingereza chake, kwamba lafudhi ni nzito, watu hawatamwelewa. Kazi ikapewa David Carradine, mzungu, ambaye kungfu hakuwa anaijua. Kwa maneno mengine, msee alinyimwa kazi ya kuigiza Mchina kwa sababu anaongea kama Mchina. Wewe uliyewahi kuchekwa Nairobi kwa sababu ya lafudhi ya kwenu magharibi, unaelewa hapo vizuri kuliko mimi.

Akarudi Hong Kong. Raymond Chow wa kampuni changa ya Golden Harvest alimsainisha muvi mbili kwa dola 15,000. Ya kwanza, The Big Boss, ilipigwa Thailand na ikatoka 1971. Ikavunja rekodi ya mapato Hong Kong. Mwaka 1972 Fist of Fury ikavunja hiyo rekodi. Mwaka huo huo akaandika, akaelekeza na kuigiza The Way of the Dragon, ile ya kupigana na Chuck Norris Roma, kwenye uwanja wa kale wa Colosseum. Ikavunja rekodi tena. Ndani ya miezi kama kumi na nne, msee aliyekuwa anafungua mlango wa gari akawa mkubwa kuliko kila mtu Asia.

Lakini sasa sikia vile muvi za Hong Kong zilikuwa zinatengenezwa. Kamera zilikuwa zinachukua picha tu, bila sauti. Waigizaji wanasema maneno yao kwa lugha yoyote wanayoiweza, halafu baadaye watu wengine kabisa wanaingia kwa chumba, wanaangalia midomo na kuweka maneno. Wakati huo soko lilitaka Kimandarini, na Bruce alikuwa mtu wa Kikanton. Kwa hivyo kwa hizo muvi zilizomfanya mfalme nyumbani, anayeongea ni mtu mwingine. Kisha zilipouzwa nje, kikundi kidogo cha wageni waliokuwa wakiishi Hong Kong kikaingia kwa chumba kingine na kuweka Kiingereza, haraka haraka, wachache wakigawana wahusika wote. Ndio maana babu, polisi na jambazi wanaweza kuwa na sauti moja. Ukicheka hiyo Kiingereza, unacheka mtu aliyekuwa anakimbizana na saa.

Kwa hivyo piga hesabu. Marekani walimwonyesha na kumnyamazisha. Nyumbani walimpa muvi nzima, wakampa na mtu wa kumsemea. Kitu pekee kilichopita bila kuguswa sana ni yale mayowe, yaliyoanza kuwa alama yake kwa Fist of Fury. Mayowe hayahitaji kutafsiriwa.

Kuna kichekesho kingine. Muvi hizo zilipofika Marekani, majina yalichanganyika njiani. The Big Boss ikatoka ikiitwa Fists of Fury, na Fist of Fury yenyewe ikaitwa The Chinese Connection. Mpaka leo kuna wasee wanabishana ni gani ni gani, na wote wako sawa.

Hatimaye Hollywood ikapiga simu. Warner Bros wakaungana na Golden Harvest kutengeneza Enter the Dragon, bajeti dola 850,000, ambayo kwao ilikuwa chenji. Kwa mara ya kwanza Bruce Lee angebeba muvi ya Marekani, kwa Kiingereza, na kwa sauti yake mwenyewe, pamoja na hiyo lafudhi waliyoikataa. Walipiga picha Hong Kong kuanzia Januari 1973. Ukitazama kwa makini utamwona kijana mmoja akinyakuliwa nywele na kuvunjwa shingo. Huyo ni Jackie Chan, kabla mtu yeyote ajue jina lake.

Sasa shika hapa. 10 Mei 1973, Bruce alikuwa Golden Harvest akifanya kazi ya mwisho ya hiyo muvi, kuweka sauti yake juu ya picha. Chumba kilikuwa kidogo, joto la Hong Kong ni la kuchemsha, na mashine ya kupoza hewa ilikuwa imezimwa ili mngurumo wake usiingie kwa maikrofoni. Akaanguka. Akapelekwa hospitali akiwa anatetemeka, ubongo umevimba, na madaktari wakafanikiwa kumrudisha. Msee alisubiri miaka mingi kuongea kwa muvi yake, na mahali mwili ulimsaliti ni ndani ya chumba cha kuongea.

Alienda Los Angeles kupimwa, wakamwambia yuko fiti. Tarehe 20 Julai 1973, akiwa Hong Kong kwa nyumba ya mwigizaji Betty Ting Pei, alisema kichwa kinamuuma, akapewa tembe ya maumivu, akalala. Hakuamka. Ubongo ulikuwa umevimba tena.

Mwanzoni ilitangazwa kwamba alifia kwake nyumbani. Magazeti yalipogundua si kweli, moto ukawaka. Wengine wakasema ni sumu, wengine majambazi wa Hong Kong, wengine laana ya familia, na hayo yote uliyasikia kibandani kama ukweli mtupu. Uchunguzi rasmi ulisema ni ajali, mwili wake ulikataa ile tembe. Mwaka 2018 mwandishi Matthew Polly akaandika kwamba huenda ni joto lililomuua, na akakumbusha kile chumba cha Mei. Mwaka 2022 wataalamu wa figo nao wakasema huenda ni maji mengi kuliko figo ziliweza kutoa. Mimi naona sumu imebaki stori kwa sababu ni tamu, si kwa sababu kuna ushahidi.

Alizikwa Seattle. McQueen na Coburn walikuwa kati ya waliobeba jeneza. Mwanawe Brandon, aliyekuwa na miaka 8, alikuja kufa Machi 1993 kwa bunduki ya kuigizia, akipiga muvi ya The Crow, na amelala kando ya buda yake.

Enter the Dragon ilitoka karibu mwezi mmoja baada ya kifo chake na kuzunguka dunia. Na mwenye sauti alipoondoka, kila mtu akajipa ruhusa ya kumsemea. Wakatokea Bruce Li, Bruce Le na Dragon Lee, kila mmoja na nywele zake na miwani yake, na kanda zao zikauzwa kama za Lee mwenyewe. Samahani kukuvunja moyo, lakini zile muvi ishirini za Bruce Lee unazojivunia kuona, nyingi ni za hawa. Za ukweli, zile alizomaliza akiwa mtu mzima na ndiye staa, ni 4. Ya tano, Game of Death, aliiacha njiani. Mwaka 1978 waliimalizia kwa watu wanaofanana naye, wakaweka sauti ya mtu mwingine, wakabandika picha ya uso wake kwa kioo katika tukio moja, na wakatumia hata picha za mazishi yake ya kweli. Ni aibu. Lakini yale mapigano yake na Kareem Abdul-Jabbar, akiwa kwa ile nguo ya manjano, yako pale na hayana mpinzani.

Sasa turudi Japani kama nilivyoahidi. Fist of Fury inahusu Mchina anayechapa Wajapani huko Shanghai, na Bruce mwenyewe alikua mtoto chini ya jeshi la Japani. Ungedhani Japani watamchukia. Enter the Dragon ilifika huko Desemba 1973, yaani vijana wengi wa Japani walimjua akiwa tayari maiti. Wakapagawa. Na wale vijana walipokua, wengine wakawa wachoraji.

Mwaka 1983 ikatoka Fist of the North Star. Huyo Kenshiro, kuanzia kifua mpaka mayowe, ametoka kwa Bruce Lee. Naruto ikaleta Rock Lee, na jina tu linakuambia. Spike wa Cowboy Bebop anapigana kwa Jeet Kune Do. Na Akira Toriyama, aliyeunda Dragon Ball, alieleza kwamba yale macho makali ya Goku akigeuka Super Saiyan aliyachukua kwa macho ya Bruce Lee. Kwa hivyo ukiwa kwa simu yako usiku, nywele zikigeuka dhahabu na Goku akimkazia macho Frieza, unatazamwa na mtoto wa mwimbaji wa opera.

Na cheki hii mchezo inavyojirudia. Goku kwa Kijapani, tangu 1986, ni sauti ya mama mmoja, Masako Nozawa. Kwa Kiingereza, Dragon Ball Z ilianza kuwekwa sauti 1996, huko Vancouver, Kanada, na waliogopa watoto wa Marekani wasishtuke, kwa hivyo wakafuta damu, na watu wakawa hawafi, wanatumwa tu kwa dimensheni nyingine. Kisha 1999 kampuni ya Funimation ya Texas ikachukua kazi yenyewe, na Goku akawa Sean Schemmel. Hiyo ndiyo unaijua wewe, na ukisikia ya Nozawa mara ya kwanza unadhani simu imeharibika. Wajapani nao wakisikia yako wanashangaa vile vile. Goku hawezi kulalamika, ni wino. Bruce Lee alikuwa mtu.

Sisemi uache DJ Afro. Kama si yeye na wenzake, kwa jioni ya mvua, na Kizungu chenyewe ulikuwa bado unakisoma shuleni kwa kupapasa, ungeona tu watu wakirushana. Na alifanya wazi wazi, ukijua huyu ni DJ Afro anasimulia, si Bruce Lee. Wale wa Game of Death ndio walikuficha.

Kama unataka kumsikia mwenyewe, tafuta Enter the Dragon ya Kiingereza, isiyosimuliwa. Halafu tafuta mahojiano yake ya Desemba 1971 na Mkanada Pierre Berton, yaliyofanywa Hong Kong. Kanda yake ilipotea miaka mingi ikapatikana 1994. Ni kama dakika 25. Amekaa kwa kiti, hakuna anayepigwa. Anaongea haraka, anacheka, mikono haitulii, na anaulizwa waziwazi kuhusu kile kipindi cha kauboi. Jibu lake ni la upole kuliko ningelitoa mimi. Lafudhi ipo, na kila neno linasikika.

Iko mtandaoni bure. Kama bando yako ni ndogo, ngoja ile ya usiku.